Shati la Fagia

Paukwa! Pakawa!

Alfajiri, katika soko moja mjini Nakuru, mama mchuuzi anakata kamba za robota. Robota ni mzigo wa nguo za mitumba uliokandamizwa kwa mashine mpaka ukawa mgumu kama gogo. Marobota mengi huwa na kilo 45. Wateja wamekwisha kulizunguka. Nguo bora kabisa huitwa kamera, nazo huondoka kabla chai ya mama haijapoa. Kutoka hapo bei hushuka, hushuka, mpaka jioni libaki rundo ambalo hakuna aliyelitaka. Hilo ndilo fagia.

Ndani ya fagia mmelala shati letu: la mwanamume, rangi ya samawati, pana kama pazia. Kola imelika na mkono mmoja una doa la rangi ya ukuta.

Msiwalaumu wateja. Nguo huachwa kwa sababu nyingi, na wakati mwingine kosa si lake. Koti zito linalopuuzwa kwenye joto la Mombasa hugombewa Molo, ambako asubuhi meno hugongana kwa baridi. Lakini mwaka 2019 Kenya iliingiza takriban tani 185,000 za mitumba, na si kila nguo hupata Molo yake. Nyingine hukatwa matambara ya gereji. Nyingine huishia kwenye jaa la Gioto, kando ya mlima Menengai. Pamba huko huoza. Poliesta haiozi kwa urahisi, maana hutokana na mafuta ya petroli, ni ndugu wa chupa ya plastiki.

Shati letu lilinunuliwa na fundi cherehani. Alichomoa uzi mmoja, akauwasha kwa kiberiti (ninyi msijaribu peke yenu). Uzi wa poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Huu uliwaka kama karatasi, ukaacha jivu laini. Pamba! Fundi akatabasamu, nami namwelewa. Inakadiriwa kwamba fulana moja tu ya pamba hugharimu lita 2,700 za maji, tangu shambani mpaka kiwandani. Hayo ni madebe 135 ya lita 20. Nani angeyamwaga jaani?

Kisha akachukua wembe, akafumua mishono polepole, asijeruhi kitambaa. Kola ikawekwa kando. Mkono wenye doa ukakatwa, kipande safi kikabaki. Mgongo, ulio mpana kuliko yote, ukawa sketi ya gauni. Kifua kikawa kifua, na vifungo vyake vilevile. Mafundi wa namna hii hawaoni shati, wanaona kitambaa kinachosubiri. Huko Gilgil, katika kaunti hiihii ya Nakuru, kikundi kiitwacho Maisha by Nisria hushona mavazi ya mitindo kwa nguo zilizokwisha kukataliwa, na hakuna vazi linalofanana kabisa na jingine.

Fundi alipobandua mfuko wa kifuani, chini yake palikuwa na mraba wa samawati iliyokolea. Jua halikuwahi kupafikia. Hakuuficha.

Msichana aliyevaa gauni lile aliuliza, "Hapa pana nini?"

"Hapo," fundi akamjibu, "ndipo mwenyewe wa kwanza alipokuwa akiweka kalamu, ng'ambo ya bahari."

Msichana akaweka kiganja chake juu ya mraba ule, akatoka nao mbio kwenda kuwaonyesha wenzake.