Urithi, Upachikaji na Vitendo vya Kukaimiwa: Tatizo la Istilahi katika Lugha ya Go

Lugha ya kutungia programu iitwayo Go ilianza kubuniwa mwaka wa 2007 na Robert Griesemer, Rob Pike na Ken Thompson, waliokuwa wakifanya kazi katika kampuni ya Google, ikatangazwa hadharani mwezi wa Novemba 2009. Makala haya hayakusudii kuifundisha lugha hiyo. Yanakusudia kueleza jinsi neno moja la Kiswahili, nalo ni "urithi", ambalo mimi mwenyewe nililiweka katika kijitabu cha mafunzo nilichokitafsiri, lilivyowapotosha wanafunzi, na kupendekeza maneno yanayoweza kushika nafasi yake.

Habari hizi zilinifikia kwa barua ya mwalimu mmoja wa Shinyanga, anayewafundisha vijana utungaji wa programu kwa kukitumia kijitabu hicho. Wengi wa vijana hao wanatoka Kahama na Geita, na wazazi wao ni wachimbaji wadogo, wenye makarasha au wenye mialo. Kwa hiyo mwalimu aliwapa zoezi wanalolielewa vizuri, yaani kukokotoa mrabaha wa dhahabu. Mabadiliko ya sheria ya mwaka wa 2017 yalipandisha mrabaha huo kutoka asilimia 4 hadi asilimia 6 ya thamani ya mzigo, na tangu soko la madini la Geita lilipofunguliwa mwezi wa Machi 2019 vijana wa huko wamezoea kuona hesabu hiyo ikifanywa mbele ya macho yao. Kwa ajili ya zoezi, mwalimu aliwaambia wachukulie kwamba dhahabu inayopelekwa katika kiwanda cha kusafishia inatozwa kiwango pungufu cha asilimia 4.

Mwanafunzi mmoja alitunga aina ya kwanza, akaiita Madini. Aliipa vitendo viwili. Cha kwanza kiliitwa Kiwango, na kazi yake ilikuwa kujibu "asilimia 6". Cha pili kiliitwa Hati, nacho kilikiuliza Kiwango, kikazidisha kwa thamani ya mzigo, kisha kikaandika jumla ya fedha zinazodaiwa. Baada ya hapo alitunga aina ya pili, akaiita Dhahabu ya Kiwandani, akaiweka Madini ndani yake, na akaipa kitendo Kiwango cha kwake yenyewe, kinachojibu "asilimia 4". Hakuitungia Hati mpya. Kwa nini aitunge, ilhali kijitabu changu kilimwambia kwamba aina ya pili inairithi?

Alipoiuliza Dhahabu ya Kiwandani kiwango chake, alipata jibu la asilimia 4. Alipoiagiza iandike hati ya mzigo wenye thamani ya shilingi 100,000,000, ilimwandikia shilingi 6,000,000 badala ya shilingi 4,000,000. Programu haikusimama wala haikutoa onyo lolote. Ilifanya kazi sawasawa na kutoa jibu lisilokusudiwa. Mwalimu aliandika kwamba kijana huyo, ambaye baba yake ana duara karibu na Nyarugusu, alisema kwa uchungu: "Mtoto amerithi, lakini hasikilizwi." Kosa hilo darasani ni la karatasi tu. Programu ya namna hiyo ikitumika sokoni, shilingi 2,000,000 zingetoka mfukoni mwa mtu.

Kompyuta haikukosea, wala lugha ya Go haina kasoro hapo. Kosa limo katika neno.

Ili kulielewa jambo hili yafaa turudi nyuma kidogo. Mtindo wa kutunga programu kwa aina zinazozaa aina nyingine ulianzia Oslo, nchini Norwei, ambako Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard walibuni lugha ya Simula 67. (Ni mwaka huohuo ambao Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria ya Bunge, ingawa bila shaka hakuna upande uliokuwa na habari za mwenzake.) Wataalamu hao hawakuzungumzia urithi. Walisema kwamba aina moja inawekwa mbele ya nyingine kama kiambishi awali, na viwili hivyo huunganika kuwa kitu kimoja. Mwalimu yeyote wa sarufi ya Kiswahili angewaelewa papo hapo. Neno la urithi lilienea baadaye, na sisi watafsiri tulilipokea lilivyo bila ya kuuliza lilikotoka.

Simula 67 ilikuwa na jambo jingine pia. Kitendo kiliweza kutangazwa katika aina ya kwanza kwa namna ambayo aina ya pili ingeweza kuweka utekelezaji wake yenyewe, na kila aliyekiita kitendo hicho, hata kama alikuwa ndani ya aina ya kwanza, alipata utekelezaji wa aina ya pili. Kwa maneno mengine, kama mwanafunzi wetu angetumia lugha yenye uwezo huo, Hati ingeuliza: "Aliyeshika nafasi ya Kiwango hapa ni nani?", na Dhahabu ya Kiwandani ingejibu: "Ni mimi, asilimia 4." Lugha ya C++, iliyobuniwa na Bjarne Stroustrup, iliuchukua uwezo huo kutoka Simula.

Vitendo vya namna hiyo tuviiteje? Jina lake la kigeni hufasiriwa na baadhi ya watu kuwa "dhahania", na wengine wamependekeza "pepe" kwa kufuata mfano wa barua pepe. Maneno yote mawili hayafai. Kitendo hicho si cha kudhaniwa, kwa sababu kipo na kinatendeka. Na "pepe" limekwisha kushika maana ya kitu kinachopita katika mitambo ya mawasiliano. Nimeonelea neno linalofaa lipo katika ofisi zetu wenyewe. Barua ikiandikwa kwa Mkuu wa Idara, hufunguliwa na kujibiwa na yule anayekalia kiti siku hiyo, awe ni mkuu mwenyewe au anayekaimu. Mwandishi wa barua hahitaji kumjua. Nafasi ndiyo iliyoandikiwa, wala si mtu. Hivyo napendekeza "kitendo cha kukaimiwa".

Sasa, Go haina vitendo vya kukaimiwa kwa maana hiyo. Ndani ya Hati, swali halikuelekezwa kwa aliyekalia kiti. Lilielekezwa kwa Madini kwa jina lake, na Madini haijui kamwe kwamba imewekwa ndani ya kitu kingine. Hapa ndipo neno "urithi" linapovunjika. Mtoto anayerithi hushika mahali pa mzazi. Katika Go hakuna mzazi anayeondoka wala mtoto anayeshika mahali pake. Kuna kitu kimoja kilichotiwa ndani ya kingine, na vitendo vya kile cha ndani huitika vikiitwa kwa jina la kile cha nje. Basi.

Neno nililopendekeza kwa jambo hili ni "upachikaji". Tunapachika mpini katika jembe. Jembe likishapata mpini hushikika na kuinuliwa, lakini haliurithi mpini huo, na mpini wenyewe haujui kama mbele yake pana jembe, shoka au sululu. Ukiushika mpini peke yake na kuuliza uzito wa chombo, utapata uzito wa mti tu. Mwanafunzi aliyefundishwa kwa neno hili asingetegemea kwamba Hati, ambayo ni ya mpini, itajua kiwango kilichoandikwa kwenye jembe. Wapo waliopendekeza "uchomekaji", neno linalotumika katika uchambuzi wa sentensi. Silipingi sana, ila kinachochomekwa huchomoka upesi, kama kisu katika ala, na kilichopachikwa katika Go hakichomoki.

Kuna sababu nyingine ya kulionea haya neno "urithi" katika mikoa hii hasa. Kwa watu wa Shinyanga na Geita neno hilo si la mchezo. Ni neno la mashamba, ng'ombe na mahakama. Wajane wawili wa Kisukuma waliipinga mahakamani Sheria ya Mila ya mwaka wa 1963 iliyowanyima haki ya kurithi mali za waume zao. Mwaka wa 2006 Mahakama Kuu ilikubali kwamba sheria hiyo ina ubaguzi lakini haikuifuta. Rufaa ikatupwa mwaka wa 2010 kwa sababu ya utaratibu. Na mwaka wa 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ikaamua kwamba haki zao zilivunjwa. Msomaji anayetoka katika mazingira hayo akiambiwa "aina hii inarithi", anaelewa kwamba kuna haki iliyohamia kwa mrithi na sasa ni yake. Hatuwezi kumlaumu kwa kuuchukua usemi wetu kwa uzito unaostahili.

Je, mtungaji wa programu katika Go akihitaji kitendo cha kukaimiwa afanyeje? Hana budi kukiigiza, na njia zipo. Lakini kwanza aelewe istilahi moja zaidi, ile inayotaja orodha ya vitendo ambavyo kitu kinatakiwa kuviweza. Kamusi zinatupa "kiolesura", neno ambalo limezoeleka kwa kile anachokiona mtumiaji kwenye skrini. Katika Go hakuna kinachoonekana. Nilifikiria "mkataba", kwa kuwa mwenye duara na mwenye leseni huafikiana jinsi ya kugawana mifuko ya mawe. Kisha nikaliacha, kwa sababu mkataba lazima watu wauafiki, na katika Go hakuna anayetia sahihi popote. Kitu chochote chenye uwezo wa kutenda vitendo vilivyoorodheshwa kinakubaliwa, hata kama mtunzi wake hakuwahi kuisikia orodha hiyo. Ni kama tangazo la kazi: haliulizi wewe ni mtoto wa nani, linauliza unaweza nini. Kwa hiyo napendekeza "masharti", na kitenzi chake tunacho tayari: aina "hutimiza masharti".

Njia ya kwanza, ambayo mimi naiona kuwa bora, ni kuitoa Hati ndani ya Madini na kuiacha isimame peke yake. Hati hiyo hutangaza masharti: "Nileteeni kitu chochote kinachojua kutaja kiwango chake na thamani yake." Mwanafunzi akiipelekea Dhahabu ya Kiwandani yenyewe, yaani jembe zima na si mpini, Hati itauliza kiwango na kupata asilimia 4. Kama thamani imeandikwa ndani ya Madini iliyopachikwa, hapana neno, kwani kitendo cha kuitaja kitaitika kutoka ndani. Mwalimu aliijaribu njia hii na darasa lake, na shilingi 4,000,000 zikatokea.

Njia ya pili ni kuipa Madini mahali pa kumkumbuka aliyeibeba. Dhahabu ya Kiwandani inapoundwa, hujitambulisha kwa Madini iliyo ndani yake: "Ukihitaji kiwango, uniulize mimi." Njia hii inakaribiana mno na kitendo cha kukaimiwa, na wale waliohama kutoka C++ huipenda. Hatari yake ni usahaulifu. Mtungaji akisahau kufanya utambulisho huo, Madini itamwuliza mtu asiyekuwapo na programu itakatika katikati ya kazi. Akinakili kitu kizima bila ya kurudia utambulisho, Madini iliyonakiliwa itaendelea kumwuliza mwenyewe wa zamani. Njia ya tatu ni kukihifadhi kitendo chenyewe cha kutaja kiwango kana kwamba ni thamani, na kukibadilisha inapolazimu. Inafaa pale ambapo kinachotofautiana ni kitendo kimoja tu.

Katika uchaguzi wa maneno haya nimejifunza kutoka kwa wachimbaji kuliko kutoka kwa kamusi. Wao walichukua "duara", neno la hesabu, wakaliita shimo, na leo duara ni duara hata likiwa na pembe nne. Mchanga uliokwisha kuoshwa wakauita "marudio", kwa kuwa hurudiwa kuchenjuliwa. Mashine ya kusagia mawe ilipowafikia na jina lake, walilitamka "karasha" wakaendelea na kazi. Walikitazama kitu kinavyofanya kazi kwanza, jina likafuata.

Mapendekezo haya bado hayajasanifiwa. Mwalimu wa Shinyanga, ambaye nilimwandikia kumshukuru na kumwomba radhi, amekubali "upachikaji" na "masharti" lakini anapinga "kitendo cha kukaimiwa". Anasema anayekaimu hushika nafasi kwa muda tu, ilhali kitendo cha aina ya pili hushika nafasi yake daima. Hoja yake ni nzito, nami sijapata neno linaloijibu. Watafsiri, walimu na watumishi wa ofisi ambao wana neno bora wanaombwa kulileta pamoja na mfano wa matumizi yake katika sentensi kamili. Wenye nakala za kile kijitabu cha mafunzo wafute neno "urithi" kila linapotokea katika sura inayohusu Go, na waandike kando yake "upachikaji".