Ajali Ina Kinga: Somo la Upepo kutoka Kerio hadi Mlima Hanang

"Kimbia! Usikae, kimbia tu!"

Rubani alikuwa mgongoni kwangu, tumefungwa pamoja kwa mikanda na pete za chuma, na mbele yetu majani yalikuwa yanakwisha. Nilikimbia kama nilivyoagizwa. Hatua ya tano iligusa ukingo, ya sita haikugusa kitu. Mwavuli ulitubeba kabla sijamaliza kuvuta pumzi, na chini ya viatu vyangu likafunguka Bonde la Kerio: migunga, paa za mabati, mto uliojificha ndani ya ukanda wa miti ya kijani, na ng'ambo yake milima ya Tugen.

Nilikuwa nimesafiri kutoka Mbulu, Tanzania, hadi Iten, katika Kaunti ya Elgeyo-Marakwet nchini Kenya. Mji huu uliokaa kama meta 2,400 juu ya usawa wa bahari unafahamika duniani kwa wakimbiaji wake. Wasiofahamika sana ni wageni wanaofika hapa kati ya Desemba na Machi, wakati kwao Ulaya theluji imefunika kila kitu, wakiwa na mabegi makubwa mgongoni. Ndani ya mabegi mna paraglaida, mwavuli mrefu wa kitambaa chepesi unaoruka bila injini. Asiyejua kuurusha hufungwa mbele ya rubani, wakaruka wawili chini ya mwavuli mmoja.

Nilikwenda kutafuta burudani. Nilirudi na somo kuhusu mlima wa nyumbani, Hanang, na ninaliandika kwa sababu linahusu uhai wa watu.

Siku ya kwanza: "Leo haturuki"

Somo lilianza siku moja kabla ya kuruka. Nilifika ukingoni asubuhi, mbingu ni buluu tupu, jua limechomoza vizuri. Kwa macho yangu siku haikuwa na kasoro. Rubani aliketi kwenye majani na kutazama. Alitazama kipande cha kitambaa kilichofungwa kwenye mti mrefu. Akatazama moshi wa mkulima aliyekuwa akichoma magugu bondeni. Akawatafuta ndege wakubwa angani, hakuwaona. Zikapita karibu saa mbili.

"Leo haturuki," akasema, akaanza kukunja mwavuli.

Upepo ulikuwa unatoka magharibi, nyuma yetu. Akanieleza kwamba upepo unaovuka ukingo kwa nyuma hujiviringisha upande wa pili, kama maji ya mto yanavyozunguka nyuma ya jiwe kubwa. Mwavuli ukiingia mle hukunjwa kama kanga. Nilikuwa nimesafiri kwa basi siku mbili, na fedha za kumlipa nilikuwa nazo mfukoni. Hakuzitaka. "Njoo kesho asubuhi tuangalie tena," akaniambia.

Nilirudi chumbani nimenuna. Sasa najua kwamba zile saa mbili za kutazama ndizo zilizokuwa kazi yenyewe. Kuruka ni malipo yake.

Njia moja, wasafiri wawili

Kesho yake kitambaa kilikuwa kinapepea kutoka mashariki, kikigeukia ukuta wa bonde. Tulipokuwa juu, rubani alininyooshea makorongo yaliyochimbwa na mvua kwenye ukuta ule, moja baada ya jingine, kuanzia kileleni hadi mashambani.

"Unayaona? Tunayafuata hayo."

Asubuhi jua la mashariki hupiga mwamba. Mwamba hupasha hewa iliyo karibu nao, na hewa ikishapata moto huwa nyepesi na kupanda. Inapopanda hupenda kufuata korongo, kama moshi unavyofuata dohani. Nao upepo unaotoka bondeni ukiugonga ukuta, hauna pa kwenda ila juu. Kifaa kidogo kifuani pa rubani kililia harakaharaka kila tulipoinuliwa, kikanyamaza tulipoanza kushuka. Lakini hakukitegemea hicho peke yake. Alimfuata tai aliyekuwa akizunguka bila kupiga bawa, maana tai huyo hakai mahali ambapo hewa haimbebi. Chini bondeni chamchela liliposimama na kuvuruga vumbi jekundu, aligeuza mwavuli kidogo na kupima umbali wetu nalo. Utotoni tulifundishwa kulikimbia chamchela tukiamini kuna shetani ndani. Rubani hulisoma kama dereva anavyosoma kibao cha barabarani.

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho nilikuwa nimekiishi miaka yote bila kukijua: maji yanaposhukia masika, ndipo hewa inapopandia kiangazi. Mteremko ni mmoja na njia ni moja. Anayejua kuusoma kwa ajili ya upepo anaweza kuusoma kwa ajili ya maji pia.

Ukuta uleule

Nilipoutazama ukuta wa Elgeyo kutoka angani niliona kwetu. Bonde la Ufa halijui mpaka wa nchi. Ukuta unaoonekana Iten una ndugu yake anayesimama juu ya Ziwa Manyara na kuibeba nyanda ya juu ya Mbulu, na mwingine unaoshuka hadi Ziwa Balangida, lile ziwa la chumvi lililo chini ya Mlima Hanang. Hata watu wana undugu. Lugha ya Wadatoga wa Hanang na lugha za Wakalenjin wa Kerio ni za tawi moja la Kiniloti cha Kusini. Mzee wa Kibarbaig, mmoja wa Wadatoga, akiketi na mzee wa Kikeiyo, mmoja wa Wakalenjin, wanaweza kuokota maneno yanayofanana.

Mchezo huu wenyewe ulizaliwa kwenye milima. Mwaka 1978, katika kijiji cha Mieussy kwenye Alpi za Ufaransa, watu watatu waliokuwa wakiruka kwa parachuti kutoka kwenye ndege waliamua kukimbia kwenye mteremko na kuondokea hapohapo. Leo miji kama Chamonix, Interlaken na Innsbruck hupokea wageni wanaotaka kupita juu ya paa zake wakiwa wamefungwa mbele ya rubani. Chamonix ipo kwenye meta 1,035, Innsbruck haifiki hata meta 600. Katesh, makao makuu ya Wilaya ya Hanang, ipo karibu meta 1,700, na mlima unaoinuka nyuma yake unapita meta 3,400. Tunaisoma Alpi kwenye vitabu kana kwamba mji wa milimani ni jambo la Wazungu, ilhali Katesh yetu imekaa juu kuliko miji hiyo yote.

Niliupanda Hanang nikiwa kijana, kwa njia ya Jorodom. Unaondoka alfajiri, unarudi giza linaingia. Ukiwa juu unaona Balangida ikimeta kwa chumvi, na upande wa Basotu miraba mikubwa ya mashamba ya ngano iliyopimwa juu ya malisho ya Wabarbaig. Unaona pia, ukitaka kuona, makorongo yanayotelemka moja kwa moja hadi kwenye nyumba za watu. Siku ile sikutaka kuyaona. Nilikuwa natazama mbali.

Jumapili ya Desemba 3

Asubuhi ya Jumapili, Desemba 3, 2023, baada ya mvua kubwa, mlima uliachia. Tope, mawe na magogo yalishuka kwa makorongo yaleyale hadi Jorodom, Gendabi, Ganana na Katesh mjini. Watu 89 walipoteza maisha. Serikali ilieleza kwamba hapakuwa na volkano wala tetemeko: sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji hadi ikazidiwa na uzito wake, ikameguka. Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa Dubai kwenye mkutano wa tabianchi, akaikatisha safari na kuja Katesh. Waliopoteza makazi walijengewa nyumba mpya zaidi ya mia moja eneo la Waret.

Upande wa Kenya ukuta nao umeua. Chesegon iliporomokewa Aprili 2020, na Chesongoch, ndani ya bonde lilelile nililoruka juu yake, mwanzoni mwa Novemba 2025.

Kwenye misiba ya Katesh nilisikia mara nyingi msemo tunaousema wote tunapokosa la kusema: ajali haina kinga. Unafariji, na sitamnyang'anya mfiwa faraja yake. Lakini mtu akiuchukua msemo huo kutoka msibani na kuupeleka ofisini, unakuwa hatari. Unageuka sababu ya kutofanya kitu.

Babu yangu hakuuamini. Alilima kwenye miteremko ya Kainam, katika nchi ya Mama Issara ambako Wairaqw wamelima vilima vikali kwa vizazi vingi bila kuvimaliza. Kabla ya kupanda chochote, alichimba mitaro inayokatiza mteremko, ili maji yasishuke kwa kasi bali yatembezwe pembeni polepole. Mitaro hiyo kwa Kiswahili tunaiita makinga maji. Neno kinga limo ndani yake. Kila mwaka kabla ya mvua aliizungukia na jembe, akifukua palipojaa udongo, akitazama palipobomoka. Ukimuuliza anatafuta nini, alisema anatafuta maji yatapita wapi. Mvua ilikuwa bado haijanyesha, na yeye alikuwa akiyaona.

Rubani wa Iten na babu wa Kainam hawakuwahi kukutana. Wanafanya kazi moja.

Kijiji kilichohama kabla ya mlima

Mwezi Mei 2025, Uswisi ilitoa mfano ambao kila mkazi wa mlimani anapaswa kuufahamu. Juu ya kijiji cha Blatten, kwenye bonde la Lötschental, wataalamu waliona mwamba ukisogea na kuilemea barafu iliyo chini yake. Mei 19 wakazi wote, kama 300, waliambiwa waondoke, na waliondoka na mifugo yao. Mei 28 barafu na mwamba vilishuka na kukifukia kijiji karibu chote. Mtu mmoja tu, aliyekuwa nje ya eneo lililohamishwa, ndiye aliyepoteza maisha. Nyumba zilikwenda, watu wakabaki.

Uswisi ina fedha na mitambo ambayo sisi hatuna. Lakini kilichowaokoa watu wa Blatten kilianza na jambo ambalo babu yangu alilifanya kwa jembe: kulikuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuutazama mteremko, na alipoongea alisikilizwa. Nchini humo ramani za hatari huonyesha kwa rangi wapi mlima unaweza kushukia, na penye rangi nyekundu nyumba mpya haijengwi.

Hanang inaweza kuanza na vilivyopo. Vipimo vya mvua kwenye vijiji vinavyouzunguka mlima, na walimu na wanafunzi wa kuvisoma kila asubuhi. Wachungaji na waongoza watalii, ambao ndio wanaopita juu kila wiki, wapewe mahali pa kutoa taarifa wanapoona ufa mpya au chemchemi iliyobadilika rangi. Ramani ya makorongo ibandikwe kwenye ofisi ya kila kijiji, ili anayenunua kiwanja ajue analala kwenye njia ya nani. Msitu wa hifadhi ya mlima ulindwe kama kinga, kwa sababu ndivyo ulivyo.

Na burudani pia ije. Ninautamani mwavuli wa rangi juu ya Balangida, vijana wa Kiiraqw na Kibarbaig wakiwa marubani, na mgeni akilala Katesh badala ya kupita tu akielekea Singida. Lakini mchezo uje na adabu yake yote. Kilimanjaro imeshatuonya: mwaka 2013 kundi kubwa la marubani kutoka mataifa mengi lilipanda likitaka kuruka kutoka kileleni, na hali ya hewa ikawalazimu karibu wote kushuka kwa miguu. Septemba 2019 mtalii kutoka Kanada alifariki kwenye mlima huohuo baada ya mwavuli wake kushindwa kufunguka. Anga la mlima halisamehe anayelazimisha.

Neno la rubani

Tulikaa angani kama dakika 25. Tulitua kwenye shamba lililovunwa, watoto wakaja mbio kusaidia kukunja kitambaa, wakikunja kwa ustadi wa watu waliokwisha kukunja mara nyingi. Rubani alipeana nami mkono, kisha akageuka kuutazama ukuta tuliotoka. Upepo ulikuwa umeanza kuwa mkali. Mgeni mwingine alikuwa anasubiri juu, na simu ikalia. Nilimsikia akijibu kwa upole, bila kuomba radhi: "Hapana. Leo basi."

Neno lile nimelibeba hadi nyumbani. Nilipofika Katesh nilipanda hadi Jorodom, nikasimama pembeni mwa korongo lililoshuka mwaka 2023. Mawe yaliyokuja siku ile bado yapo, mengine makubwa kuliko nyumba, na majani yameanza kuota katikati yake. Nyumba kadhaa zimerudi karibu na kingo. Mama mmoja alikuwa akianika mahindi uani. Nilimsalimu, tukazungumza kuhusu mvua, akaniambia kwamba ikinyesha usiku yeye huwa halali, hukaa na kusikiliza.

Mama huyo tayari anautazama mlima. Kinachokosekana ni mtu aliyeutazama vizuri zaidi yake, mwenye kipimo na ramani, atakayegonga mlango kabla ya giza na kusema kwa upole uleule, bila kuomba radhi: mama, chukua watoto, leo hatulali hapa.