Ruzuku si zawadi ya mheshimiwa: Kikundi chenu kijipange hivi

Hii muvi umeiona mara ngapi? Lori linaingia uwanjani likiwa limebeba viti vya plastiki, hema mbili na mashine ya kuosha magari. Kila kitu kimeandikwa jina la mheshimiwa kwa herufi kubwa. MC anawaambia mpige makofi, mwenyekiti wa kikundi anapokea kwa mikono miwili, mnapigwa picha. Jioni picha ziko Facebook na mtaa mzima unajua ni nani “aliwasaidia”.

Sasa nikuulize: hizo pesa zilitoka mfukoni mwa nani?

Mara nyingi jibu ni wewe. Ni ushuru. Ule unaokatwa ukinunua bando, ukinunua sabuni, ukiweka mafuta kwa boda. Umezunguka ukarudi kwako ukiwa umevaa fulana ya mtu mwingine.

Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, kwa hivyo sina digrii ya kukutisha nayo. Lakini nimekaa kwa vikao vya vikundi vya vijana vya kutosha kujua kitu kimoja: vingi havikosi pesa kwa sababu kazi yao ni mbaya. Vinakosa kwa sababu vinafika ofisi isiyofaa, mwezi usiofaa, na bila karatasi. Halafu lawama zote zinaenda kwa “hatujuani na watu”. Kujuana kupo, tusidanganyane. Lakini kuna mambo ambayo hayahitaji umjue yeyote.

Kwanza, usichanganye pesa

Msee akikuambia “kuna pesa za vijana zimetoka”, muulize swali moja kabla hujaanza kuota: ni mkopo au ni ruzuku?

Uwezo Fund ni mkopo. Hautozi riba, lakini una ada ya usimamizi ya asilimia 3, na kikundi lazima kirudishe. Hazina ya vijana, ile Youth Fund iliyoanzishwa 2006, pia ni ya kukopesha. Hustler Fund ina mkopo wa vikundi, na huo nao ni mkopo. Nimeona kikundi kikigawana pesa za mkopo kama za Krismasi, kila mtu na shea yake, kisha simu za kudai zikianza kila mtu yuko “kwa mkutano”.

Ruzuku ni pesa au vifaa ambavyo kikundi hakirudishi, bora vifanye kazi iliyoandikwa. NGAAF, ambayo iliundwa 2015 na inahusishwa sana na Mwakilishi wa Wanawake wa kaunti yako, hutoa ruzuku kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mradi wa NYOTA nao umetoa ruzuku ya Sh50,000 kwa vijana wa kila wadi, lakini hiyo ni ya mtu mmoja mmoja, si ya kikundi.

Halafu kuna kaunti yenyewe. Hapa ndipo watu hupotea. Wengi wanafikiri MCA ana sanduku la pesa za kugawa. Kikatiba, kazi ya MCA ni kuwakilisha, kutunga sheria na kuiangalia serikali ya kaunti. Kaunti kadhaa zina sheria ya hazina ya maendeleo ya wadi, lakini hata hizo pesa lazima zipitie kwa bajeti. Kaunti haiwezi kutumia shilingi ambayo bunge la kaunti halijaidhinisha. Kwa hivyo ukimngoja MCA “atoe kitu”, unangoja mlango ambao si wake peke yake kufungua.

Karatasi zinakulinda wewe

Tangu 2022 kuna Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii. Kikundi cha kawaida kinahitaji watu wasiopungua 10. Mnaenda ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo yenu mkiwa na orodha ya wanachama, kumbukumbu za mkutano mliokubaliana kuanzisha kikundi, na katiba yenu. Mkipata cheti, angalieni tarehe. Cheti kina muda wake, na kilichoisha ni karatasi tu ya kufunikia chapati.

Katiba ndiyo vijana wengi hupuuza. Mtu anachukua ya kikundi kingine, anabadilisha jina, anapiga chapa. Halafu siku hema zimekuja, mwenyekiti anaziweka kwake “kwa usalama”, na baada ya miezi miwili zinakodishwa harusi na matanga, na hakuna mtu anajua pesa ziko wapi. Mkifungua katiba haisemi chochote kuhusu mali ya kikundi.

Kwa hivyo andikeni wenyewe, kwa lugha ambayo kila mtu anaelewa. Nani anaweka vifaa? Nani anaruhusu vikodishwe? Akaunti ya benki ina sahihi za watu wangapi? Mtu akihama mtaa, shea yake inaendaje? Kikundi kikivunjika, mali inaenda wapi? Maswali matano, ukurasa mmoja. Hizo ndizo zitawaokoa siku urafiki utakapopungua, na utapungua.

Na kumbukumbu za mikutano si lazima ziwe kizungu kirefu. Tarehe, nani alikuja, nini kiliamuliwa, pesa ngapi ziliingia, ngapi zilitoka. Katibu akiandika hivyo kila kikao kwa mwaka mmoja, tayari mna kitu ambacho vikundi vingi havina: ushahidi kwamba mko hai hata wakati hakuna mtu anagawa kitu.

Kalenda ambayo hakuna mtu hukuonyesha

Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1. Lakini maneno ya pesa za mwaka huo yanaanza mapema sana. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012 inasema kaunti iwasilishe mpango wake wa maendeleo wa mwaka, ule wanaita ADP, kufikia Septemba 1. Kufikia Februari 28 inawasilisha waraka unaoonyesha kila idara itapata kiasi gani. Kufikia Aprili 30 makadirio ya bajeti yako mezani kwa bunge la kaunti.

Soma hizo tarehe tena. Mpango unaowasilishwa Septemba ni wa mwaka wa fedha unaofuata, unaoanza Julai. Yaani pesa mtakazoziona mwakani zinaanza kupangwa mwaka huu, Julai na Agosti, wakati wewe uko busy na ligi ya Uingereza ikianza. Ukifika Mei na barua yako ya ombi, bajeti tayari iko bungeni. Watakuambia “tutaangalia”. Unajua maana yake.

Mikutano ya kutoa maoni iko kwenye katiba. Kifungu cha 201 kinataka uwazi na ushiriki wa wananchi kwenye mambo ya fedha. Makueni, chini ya gavana wa kwanza Kivutha Kibwana, ilijulikana kwa kuanzia vijijini: watu wanakaa, wanachagua miradi, wanachagua kamati za kuifuatilia, na maoni yanapanda hadi kaunti. Haikuwa miujiza. Ilikuwa vikao vingi vya kuchosha, na watu wakaendelea kwenda.

Kwetu mjini tunaenda mikutano hiyo tukisikia kuna nauli na soda. Mara nyingi wanaozungumza ni wazee wale wale. Vijana watano wakienda na jambo moja lililoandikwa, wanasikika kuliko vijana 50 wanaopiga kelele nje ya hema.

Na jambo lenyewe lisiwe “tunaomba kikundi chetu kipewe pesa”. Hapo mnashindana na kila mtu aliye kwenye chumba. Ombeni kitu ambacho kikundi jirani pia kitaunga mkono: kaunti itenge pesa za ruzuku kwa vikundi vya vijana, masharti ya kupata yatangazwe wazi, na orodha ya waliopata ibandikwe ofisi ya wadi. Wadi ziko 1,450 Kenya nzima. Jiulize kwako orodha kama hiyo umeiona lini.

Andika kama mtu anayejua mtaa wake

Maombi mengi yamejaa maneno kama “kuwezesha vijana” na “kuboresha maisha”. Anayesoma amesoma hayo mara 200 wiki hiyo. Mpe hesabu.

Tuseme nyinyi ni watu 15 mnaokusanya taka. Mna mkokoteni mmoja. Mnahudumia nyumba 120, kila moja inalipa Sh200 kwa mwezi. Hiyo ni Sh24,000. Mkitoa mifuko, glavu, pesa za kumwaga na posho za wanaosukuma, tuseme inabaki Sh4,000. Kuna nyumba 80 upande wa pili wa barabara zinazowataka, lakini mkokoteni mmoja hauwezi kuzifikia. Mkipata wa pili mnaongeza Sh16,000 kila mwezi, na vijana wanne wanapata siku za kazi zaidi.

Umeona tofauti? Hujaomba kusaidiwa. Umeonyesha kwamba kuna kazi tayari, kuna wateja wanaongoja, na kuna kitu kimoja tu kinachozuia. Sasa ombeni huo mkokoteni, gumboots na glavu, kwa bei ya duka mliloenda kuuliza. Ambatisheni bei hiyo. Msiombe Sh500,000 kwa sababu mmesikia ndiyo ya juu kabisa. Kiasi kikubwa kwa kikundi kisicho na hesabu ndicho huvunja kikundi.

Ongezeni jibu la swali ambalo hawatauliza kwa sauti: ruzuku ikiisha, mtafanya nini? Kwenye mfano wetu jibu ni rahisi. Kutoka kwa zile Sh16,000, tunaweka Sh2,000 kila mwezi kwa akaunti ya matengenezo. Gurudumu likivunjika hatumpigii mheshimiwa simu.

Bei ya kunyamaza

Hapa ndipo nataka uniskize vizuri, kwa sababu uchaguzi wa 2027 unapokaribia malori yataongezeka.

Kikundi kikiamini kwamba viti vilitoka kwa mtu, kinaanza kumdai mtu huyo kidogo na kumlipa sana. Mnaitwa mkutano wa siasa, mnaenda na fulana. Barabara ya mtaa imeharibika, lakini katibu anafuta ujumbe kwenye grupu ya WhatsApp: “Tusimchokoze, ametusaidia.” Mtaro umeziba, zahanati haina dawa, na kikundi ambacho kingesimama kuuliza kimekaa kimya juu ya viti vyake vya plastiki.

Hiyo ndiyo hasara kubwa, na haionekani kwa hesabu. Mmeuza sauti kwa pesa ambazo zilikuwa zenu.

Dawa yake si kukataa viti. Chukueni, mkae. Lakini ulizeni kwa maandishi: hivi vifaa vimenunuliwa na hazina gani, kwa bajeti ya mwaka gani? Ikiwa ni pesa za mfukoni mwake, mshukuru kama unavyomshukuru jirani. Ikiwa ni za umma, asante inatosha. Hakuna deni.

Wasipojibu, kuna Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Barua yako inaweza kuandikwa kwa Kiswahili, sheria yenyewe inaruhusu. Hulipi kuiwasilisha. Ofisi ya umma ina siku 21 kukujibu. Ikikaa kimya, unaweza kulalamika kwa ofisi ya Ombudsman, ile tume ya CAJ. Weka nakala iliyopigwa muhuri wa tarehe waliyopokea, maana bila muhuri watakuambia haikufika.

Na mtu akikuambia mtoe “kitu kidogo” ili fomu isonge, au mrudishe asilimia fulani pesa zikiingia, hiyo si ada. Ni hongo, na EACC inapokea ripoti hata bila jina lako. Najua inatisha kuripoti mtu mnayekutana naye kila siku kituo cha matatu. Ndiyo maana msiende mmoja mmoja. Kikundi cha watu 15 kiliundwa kwa siku kama hizo.

Kikao chenu kijacho

Sitakudanganya kwamba mkifanya haya yote pesa zitaingia Ijumaa. Vikundi ni vingi, bajeti ni ndogo, na wengine watapita kwa njia za kujuana kama kawaida. Lakini kikundi chenye katiba inayoeleweka, hesabu safi na akiba yake kidogo hakifi kwa sababu kimenyimwa. Kinaendelea kusukuma mkokoteni mmoja huku kikijua mlango gani kigonge, na mwezi gani.

Kwa hivyo kikao kijacho, wekeni ajenda tatu tu. Moja, cheti chetu kinaisha lini? Mbili, nani ataenda ofisi ya wadi kuuliza tarehe ya mkutano wa maoni ya bajeti na arudi na jibu lililoandikwa? Tatu, ni kitu gani kimoja kinachotuzuia kuongeza kazi, na kinauzwa pesa ngapi?

Mkimaliza hizo tatu, katibu aandike, watu wapige sahihi. Soda baadaye, na mjinunulie wenyewe.