Basi lilijiendesha 1997, mbona bado tunashika usukani?

Huenda hukuwa umezaliwa. Agosti 1997, kule San Diego, Marekani, magari madogo manane yalifuatana kwenye barabara kuu ya I-15, yakiachana kwa mita chache tu, na hakuna dereva aliyegusa usukani. Yalifuata sumaku zilizofukiwa kwenye barabara. Siku hizo hizo yalionyeshwa pia mabasi makubwa ya abiria yakijiendesha.

Basi tuseme ukweli: ukiskia stori kama hii unadhani kilichokwama ni kompyuta. Kompyuta ilikuwa na kasoro zake, sikatai. Ila kulikuwa na swali gumu zaidi ambalo halikuwa la mafundi. Nani atajenga leni maalum wakati hakuna magari ya kuitumia? Na nani atanunua gari la bei ghali wakati leni yenyewe haipo? Kila mtu alimngoja mwenzake. Bunge la Marekani ndilo lililokuwa limeagiza onyesho hilo mwaka 1991, lakini kufikia 1998 serikali ilikuwa imejitoa, pesa zikaelekezwa kwa vifaa vya usalama ndani ya gari.

Songa mbele hadi Aprili 2016, Ulaya. Kampuni sita za malori, zikiwemo Scania, Volvo na DAF, zilituma misururu ya malori hadi bandari ya Rotterdam, Uholanzi. Lori la mbele likifunga breki, la nyuma linapata habari papo hapo kwa mawimbi ya redio na kufunga breki lenyewe. Ndiyo maana yanaweza kukaribiana, na kwa kuwa la mbele linakata upepo, la nyuma linaokoa mafuta. Poa sana, sivyo?

Ngoja kidogo. Kila nchi waliyopitia ilibidi itoe kibali chake, maana sheria za kuachana barabarani hazikuandikwa zikiwa na misururu kama hiyo akilini. Na kila kampuni ilileta malori yake pekee. Scania haikufuata Volvo.

Chukulia wewe ndiye mwenye lori la nyuma, na la mbele ni la mpinzani wako wa biashara. Wewe unaokoa mafuta mengi kuliko yeye. Utamlipa? Mkigongana, bima ya nani italipa: yako, yake, ya aliyeunda programu, ama ya mwenye barabara? Hakuna injini inayoweza kujibu hayo. Yanajibiwa na watu waliokaa mezani.

Sasa rudi nyumbani. Unakumbuka 2018, mstari mwekundu uliochorwa Thika Road kutenga leni za mabasi ya BRT? Rangi ilikuwepo, mabasi hayakuwepo, na matatu ziliendelea kupita hapo kama kawaida. Hapo hata hatukuwa tunazungumzia basi la kujiendesha. Ilikuwa rangi tu, na bado ilitushinda.

Fikiria pia lori linalotoka Mombasa kwenda Kigali. Linapita Kenya na Uganda likiendeshwa kushoto, kisha linaingia Rwanda ambako watu huendesha kulia. Nchi tatu, polisi tofauti, mahakama tofauti. Kabla ya kompyuta kushika usukani huo, lazima wakubwa wa nchi hizo wakubaliane nani ataulizwa mambo yakiharibika. Na pale mezani awepo pia dereva na tanboi wake, kwa sababu ugali wao ndio utaguswa kwanza.

Kwa hivyo wewe unayejifunza koding ukiota kuunda lori la kujiendesha, endelea, usiache. Lakini kama una rafiki anayesomea sheria, bima ama mipango ya miji, usimcheke eti kozi yake ni ya kizamani. Bila yeye, lori lako litabaki limeegeshwa.