UTAFITI WA UTALII UWAFAE WENYE BONDE

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Maneno hayo yalisemwa kabla ya hoteli za watalii, kabla ya hifadhi za taifa, na kabla ya vyuo vikuu kuufanya utalii kuwa elimu yenye shahada na maprofesa wake. Walakini swali lililomo ndani ya methali hiyo ndilo swali kubwa la elimu hiyo mpya. Je, mgeni ajapo, mwenyeji apona? Na kama apona, ni mwenyeji yupi, na kwa kiasi gani?

Mwaka 2023 wageni kutoka nchi za nje waliozidi 1,800,000 waliingia Tanzania. Aghalabu wageni hao huelekea Kilimanjaro, Serengeti, Ngorongoro na Unguja. Ni wachache mno wafikao Ifakara. Hata hivyo bonde la Kilombero, lililolala kati ya milima ya Udzungwa na milima ya Mahenge, si maskini wa mambo ya kutazamwa. Hifadhi ya Taifa ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992, ina maporomoko ya Sanje yaangukayo mita 170, na ina kima wa Sanje ambaye wataalamu hawakumtambua mpaka mwaka 1979, ijapokuwa wenyeji walikwisha kumpa jina. Huko chini kwenye majani ya mafuriko wamo swala waitwao sheshe, ambao sehemu kubwa ya jamii yao duniani ilikuwa ikiishi katika bonde hili, na wamo ndege wa namna tatu wasiopatikana mahali pengine popote. Mwaka 2002 ardhi oevu ya Kilombero, yenye ukubwa wa karibu hekta 800,000, iliandikwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye thamani kwa ulimwengu mzima.

Yafaa tukumbuke ya kwamba bonde hili limezoea watafiti. Mwaka 1935 Culwick na mkewe walitoa kitabu juu ya Wabena wa mitoni, ambacho Mtema Towegale Kiwanga alishiriki kukiandika. Mwaka 1949 Profesa Rudolf Geigy wa Uswisi alifika Ifakara, na mwaka 1957 ikajengwa maabara ndogo, ambayo ndiyo iliyokua hata ikawa Taasisi ya Afya Ifakara ijulikanayo leo katika mabara yote. Watu wa Ifakara wamepimwa damu, wamehesabiwa nyumba kwa nyumba, na wameulizwa maswali mengi kuliko watu wa wilaya nyingi za nchi hii.

Je, walipata nini? Hapa pana mfano mwema. Katika miaka ya 1990 mpango wa vyandarua ulianzishwa katika wilaya za Kilombero na Ulanga. Matokeo yake yalipotangazwa mwaka 2001, ilionekana ya kwamba vyandarua vilivyotiwa dawa viliongeza usalama wa maisha ya watoto wa tangu mwezi mmoja hata miaka minne kwa asilimia 27. Habari hiyo haikuishia katika majarida ya madaktari. Ilisaidia kuzaa mpango wa taifa wa hati punguzo, ambao kwao mama mjamzito alinunua chandarua kwa bei nafuu. Basi aliyetoa damu na jibu alirudishiwa chandarua. Huo ndio utafiti tuuelewao.

Twauliza sasa: utafiti wa utalii umerudisha nini? Swali hili si geni katika nchi yetu. Mwaka 1970, mashirika ya umma yalipokuwa yakijenga hoteli kwa ajili ya watalii, vijana wa Umoja wa Vijana wa TANU katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianzisha mjadala mkali katika gazeti la Kiingereza la The Standard. Waliuliza kama utalii waweza kuitoa nchi katika unyonge, au kama utaifanya kuwa mtumishi wa mgeni. Wengine waliwajibu ya kwamba taifa lahitaji fedha za kigeni, na kwamba mnyama na ufuko ni mali kama pamba na mkonge. Mjadala huo ulikusanywa na Issa Shivji katika kitabu kilichotolewa mwaka 1973. Pande zote mbili zilistahili kusikilizwa. Lakini zilisemea Dar es Salaam, na kwa lugha ambayo mvuvi wa Kilombero hakuisoma.

Tangu hapo elimu hiyo imepanuka. Utalii wafundishwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na katika Chuo Kikuu cha Sokoine kilichopo Morogoro, mkoa ule ule wenye bonde hili. Wanafunzi huja na karatasi za maswali. Humwuliza mama wa Mang'ula mapato yake kwa mwezi, na kama hifadhi imemfaa. Kisha huondoka, na tasnifu huwekwa rafuni.

Tutazame jambo la kuni. Kwa miaka mingi watu wa vijiji vilivyopakana na Udzungwa waliruhusiwa kuingia msituni siku maalumu za juma kuokota kuni zilizokauka. Mwaka 2011 ruhusa hiyo ilikomeshwa ili msitu upone. Hatusemi ya kwamba msitu haukustahili kulindwa, kwa maana mito inyweshayo mashamba ya mpunga na miwa hutoka humo. Lakini mtafiti wa utalii apimaye fedha ya kiingilio bila ya kupima saa ambazo mwanamke huyo azipoteza kutafuta kuni kwingine, amepima upande mmoja wa mizani.

Upo pia mfano wa kutia moyo. Katika msitu wa Magombera, mtafiti Andrew Marshall alimpata kinyonga asiyejulikana na wataalamu, baada ya nyoka wa mitini kumwachia kutoka kinywani. Kinyonga huyo alipewa jina la msitu wenyewe mwaka 2009, na baada ya juhudi ndefu Magombera ikawa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2019. Hapo elimu ilizaa tendo. Kazi iliyobaki ni kuhakikisha ya kwamba kijana wa kijiji cha jirani ndiye amwongozaye mgeni kwenda kumwona kinyonga huyo.

Wako wasemao ya kwamba bonde lahitaji barabara na nyumba za wageni, wala halihitaji karatasi. Daraja la Kilombero lilifunguliwa mwaka 2018, na watu hawangoji tena kivuko. Hilo ni jambo jema. Lakini wakati wa masika bonde hugeuka ziwa, wanyama huhama, na gari halipiti. Ajengaye hoteli bila kujua maji yafika wapi, na sheshe aenda wapi, ajenga hasara. Na sheshe wenyewe wamepungua mno kwa ajili ya mashamba, mifugo na ujangili. Mwaka 2023 pori tengefu la Kilombero lilipandishwa daraja kuwa pori la akiba. Mipaka ikikazwa namna hiyo, mkulima na mchungaji wana haki ya kuonyeshwa kwa hesabu iliyo wazi ni faida gani itakayoshika mahali pa shamba na malisho.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Kwanza, kila utafiti uanze na swali la mwenyeji: katika kila shilingi aliyoitoa mgeni, senti ngapi zimelala Ifakara? Pili, matokeo yasomwe kwa Kiswahili mbele ya mkutano wa kijiji, na wanakijiji wapate nafasi ya kuyapinga. Tatu, mvuvi Mndamba ajuaye mto kwa mtumbwi wake asiwe mtu wa kuulizwa tu. Awe mshiriki wa kazi, ajira na heshima.

Tena wataalamu wa mapumziko wasisahau ya kwamba mapumziko si ya mgeni peke yake. Watu wa bonde hili wana ngoma yao ya sangula, wana sikukuu zao baada ya mavuno, na wanayo reli ya TAZARA ipitayo chini ya milima ile ile. Ni watoto wangapi wa shule za Ifakara waliokwisha kupanda mpaka Sanje? Hilo nalo lastahili kuhesabiwa, maana mtu hulinda kwa moyo kile alichokiona kwa macho yake.

Ifakara imekwisha kuonyesha ulimwengu jinsi utafiti unavyoweza kuanza nyumbani kwa mkulima na kurudi nyumbani kwake ukiwa chandarua. Wataalamu wa utalii hawana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Mwenye bonde amekwisha kujibu maswali yao. Sasa na alipwe jibu.