Fahamu: Vidakuzi na faragha yako mtandaoni
Ukifungua tovuti kwenye kompyuta ya kukodi, Jinja au Mbale nchini Uganda, tovuti hiyo huacha humo faili ndogo zinazoitwa vidakuzi. Baadhi vina faida: ndivyo vinavyokumbuka kwamba umeshaingia kwenye akaunti. Hatari nayo iko hapo hapo. Ukiinuka bila kutoka kwenye akaunti, anayekalia kiti baada yako anaweza kusoma barua pepe zako zote. Vingine ni vya kampuni za matangazo, hukufuata tovuti hadi tovuti. Kwa hiyo tumia dirisha la faragha, futa vidakuzi kwenye mipangilio ya kivinjari, na vya matangazo vikatae. Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inakupa haki ya kulalamika taarifa zako zikitumiwa vibaya.