Ujumbe Uliofichika katika Filamu za Katuni

Mpiga picha wa sinema ya kawaida hunasa kila kilicho mbele ya kamera yake, hata kile asichokikusudia, kama vile kivuli au mpita njia. Mchoraji wa katuni huanza na karatasi tupu. Kwa hiyo kila kitu kionekanacho katika filamu yake kimewekwa na mkono wa mtu.

Hesabu ndogo yatosha kulithibitisha jambo hili. Sinema huonyesha picha 24 kwa kila sekunde. Filamu ya dakika 7, ambao ulikuwa urefu wa kawaida wa katuni za zamani za Marekani, ina picha 10,080. Hata kama kila mchoro utapigwa picha mara mbili ili kupunguza kazi, bado michoro 5,040 itahitajika. Katika kazi ya namna hiyo ni vigumu kitu kuingia kwa bahati. Yafaa basi tuulize ujumbe wa kijamii na wa kisiasa huingiaje katika michezo ya watoto. Historia yatuonyesha njia tatu.

Njia ya kwanza: agizo la serikali

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, serikali ziliwatumia wachoraji waziwazi. Mwaka 1942 Wizara ya Fedha ya Marekani iliiagiza kampuni ya Walt Disney kutengeneza filamu iitwayo The New Spirit, ambamo bata Donald Duck anahimizwa kulipa kodi ya mapato ili nchi ipate silaha.

Upande wa pili wa vita, Jeshi la Wanamaji la Japani liliagiza filamu ndefu ya katuni iliyoonyeshwa mwaka 1945. Shujaa wake ni Momotaro, kijana wa ngano ya kale aliyezaliwa ndani ya tunda na kwenda kupigana na mazimwi. Katika filamu hiyo Momotaro anaongoza askari wanyama hadi kisiwa cha bahari ya kusini, ambako wanyama wenyeji wanafundishwa Kijapani kwa wimbo. Wimbo ulikuwa wa kufurahisha, na kumbe uvamizi ulikuwa umepakwa rangi ya ukombozi.

Njia ya pili: mfadhili wa siri

Mwaka 1954 ilitolewa filamu ya katuni iliyotengenezwa nchini Uingereza kutokana na riwaya ya George Orwell ya mwaka 1945, ambayo wasomaji wa Kiswahili huijua kwa jina la Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere. Mwishoni mwa riwaya wanyama wanachungulia dirishani na kushindwa kutofautisha nguruwe na binadamu. Wote wawili wanalaumiwa. Mwisho wa filamu ulibadilishwa: wanyama wanaasi na kuwapindua nguruwe. Baadaye ilifahamika kwamba fedha za kuitengeneza zilitoka kwa siri katika Shirika la Ujasusi la Marekani, yaani CIA.

Njia ya tatu: mazoea ya jamii

Njia hii ndiyo ngumu kuliko zote kutambulika, kwa kuwa haihitaji agizo wala njama. Katika katuni za Tom and Jerry, zilizoanza mwaka 1940, alikuwamo mtumishi wa nyumbani, mwanamke Mweusi. Aghalabu mtazamaji aliona miguu na ndara zake tu. Uso wake haukuonyeshwa isipokuwa kwa nadra. Paka na panya walikuwa na nyuso zenye furaha, hasira na huzuni. Wachoraji walifuata desturi ya jamii yao, na desturi hiyo ilikuwa ya ubaguzi wa rangi. Mwaka 1968 katuni 11 za kampuni ya Warner Bros. ziliondolewa katika maonyesho ya televisheni kwa sababu ya jinsi zilivyowadhihaki watu Weusi.

Mtu mzima hulinganisha picha na mambo aliyokwisha kuyaona maishani. Mtoto mdogo hana akiba hiyo, na pengine mchoro ndio utakaompa taswira yake ya kwanza ya watu wa nchi nyingine, au hata ya watu wa rangi yake mwenyewe. Hivyo ndivyo kasumba inavyoweza kuingia pamoja na kicheko.

Hata hivyo, kuwa na ujumbe si kosa. Ngano za Sungura na Fisi nazo hufundisha kwamba akili yaweza kushinda nguvu. Tena si kila katuni ina njama. Anayedai kuwa ipo hana budi kuonyesha ushahidi, kama vile rekodi za fedha, tarehe, au hadithi iliyobadilishwa.

Mwalimu aweza kuwapa wanafunzi maswali manne juu ya katuni yoyote: Nani aliilipia? Nani anaonyeshwa uso, na nani hana? Nani anachekwa, na kwa sababu gani? Ikiwa imetokana na kitabu au ngano, ni kipi kilichobadilishwa? Majibu yaandikwe pamoja na sekunde au dakika ambayo jambo lenyewe linaonekana, ili mwanafunzi mwingine aweze kuyahakikisha.